Mnara Pekee Hautoshi: Antena ya Simu na Upatikanaji wa Intaneti Vijijini

Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliendesha mnada wa masafa ya redio katika bendi za megahezi 700, 2300, 2600 na 3500. Hatua hiyo iliwapa watoa huduma nafasi ya kupanua intaneti ya kasi. Hata hivyo, manufaa ya masafa hayo humfikia mwananchi pale tu simu yake inapoweza kuyapokea, na kazi hiyo hufanywa na antena iliyofichwa ndani ya simu.

Bendi hizo hazina tabia moja. Mawimbi ya megahezi 700 husafiri mbali na kupenya kuta kwa urahisi zaidi. Mnara mmoja huhudumia eneo kubwa, jambo linaloyafanya yafae vijijini. Mawimbi ya megahezi 3500 hayafiki mbali, lakini bendi yake ni pana na hubeba data nyingi, hivyo yanafaa mijini.

Ugumu ni kwamba ukubwa wa antena hutegemea urefu wa wimbi. Antena ya robo wimbi huhitaji takribani sentimita 11 kwa megahezi 700, lakini sentimita 2 tu kwa megahezi 3500. Ndani ya simu, nafasi hiyo hugombewa na betri, kamera na spika. Wahandisi hukunjakunja utepe wa chuma wa antena, au huukata mianya ili umeme upite katika njia zenye urefu tofauti, kila njia ikihudumia bendi yake.

Ufupishaji huo una gharama. Mwaka 1948 mtafiti L. J. Chu alionesha kuwa kadiri antena inavyokuwa ndogo ikilinganishwa na wimbi lake, ndivyo upana wa masafa inayoweza kuhudumia unavyopungua. Kwa hiyo bendi ya chini, inayohitajika zaidi kijijini, ndiyo ngumu zaidi kuiweka katika kifaa kidogo. Simu isiyoipokea hukosa intaneti ya 4G hata karibu na mnara, endapo mnara huo unatoa 4G kwa bendi hiyo pekee.

Ni vyema, basi, mnunuzi asitazame bei na kamera peke yake. Orodha ya bendi huandikwa katika maelezo ya simu. Ile ya megahezi 700 kwa 4G kwa kawaida huandikwa B28. Uwekezaji katika minara utazaa matunda kamili pale tu simu zilizo mikononi mwa wananchi zitakapoweza kupokea masafa yake.