Jina Kwenye Orodha ya Mahakama Si Hatia

Wiki mbili zilizopita posa moja hapa Mji wa Kale ilivunjika kwa sababu ya simu. Mjomba wa msichana aliandika jina la kijana kwenye intaneti, ikamjia hukumu ya Mahakama Kuu ya Mombasa: jina lake, la baba na la babu yote sawasawa, kosa dawa za kulevya. Kabla ya adhuhuri picha ya ukurasa ule ilikuwa imezunguka magrupu ya WhatsApp. Baada ya Isha wazee wa upande wa kijana wakajibiwa kwa adabu zote kwamba mambo yasimame.

Hakuna aliyesoma zaidi ya ukurasa wa kwanza. Ile ilikuwa hukumu ya rufaa, na aya ya mwisho ilisema rufaa imekubaliwa, hatia imefutwa, mtu aachiliwe. Isitoshe, mtu mwenyewe alikuwa mwengine kabisa. Mshtakiwa yule alifungwa mwaka ambao kijana wetu alikuwa darasa la tano.

Sisemi watu wasichunguze. Anayeoza binti ana haki ya kuuliza, na anayeajiri mtu wa kushika pesa vilevile. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinataka kesi zisikizwe hadharani. Kifungu hicho hicho kinasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Sisi tumeshika nusu ya kwanza tu.

Orodha ya kesi za siku, ile inayobandikwa mahakamani na kuwekwa mtandaoni, inataja jina, nambari ya kesi na hakimu. Haisemi mtu amefanya nini. Hukumu za Kenya Law nazo ni bure kwa kila mwenye simu, lakini nyingi ni za Mahakama Kuu kwenda juu. Kesi za vijana wetu huishia kwa hakimu, na chache mno hufika kwenye mtandao huo. Kwa hivyo kulikosa jina la mtu hakumsafishi, kama vile kuliona hakumchafui. Anayetaka kujua kesi iliishaje achukue nambari yake aende masjala ya mahakama akaulize.

Huko atakutana na lugha ya vifungu vya Sheria ya Mwenendo wa Jinai. "Imeondolewa chini ya 87(a)" maana yake mashtaka yametolewa na mtu yuko huru, ila anaweza kushtakiwa tena. "Ameachiliwa chini ya 210" maana yake ushahidi haukutosha hata kumtaka ajitetee. Huyo hana hatia, tena hakuna cha nusu. Barazani wote hawa huitwa "wale wa kesi".

Halafu kuna majina yetu. Simama nje ya Msikiti wa Mandhry baada ya Magharibi uite Mohamed Salim, uone watakaogeuka. Jina pekee halimtambulishi mtu Kibokoni wala Kuze. Ndiyo maana cheti cha polisi, kile vijana wanachokiita gudi kondakti, hutegemea alama za vidole. Mtu huomba mwenyewe kupitia eCitizen, akachukuliwa alama za vidole vyote kumi, na Idara ya Upelelezi huko Nairobi ikazilinganisha na kumbukumbu zake. Mjomba hawezi kumwombea mtu. Anachoweza ni kumwambia, "Mwanangu, tuletee cheti," naye akakileta au asikilete.

Lakini cheti chenyewe kina kisa chake, na hapa ndipo vijana wetu wanapoumia. Msako unapita usiku, barobaro anakamatwa na msokoto wa bangi au bila chochote, asubuhi anasomewa mashtaka. Mtu anamnong'oneza: kubali, ulipe faini, urudi nyumbani. Anakubali. Kwake yeye mambo yamekwisha saa saba mchana, mamake amelipa. Kwa sheria amepatikana na hatia kwa kukiri kwake mwenyewe, na miaka sita baadaye, kazi ya ulinzi Doha imeshapatikana, cheti kinatoka na kosa lake. Uingereza ina sheria tangu 1974 inayofanya makosa mengi madogo yahesabiwe yamekwisha baada ya muda. Bunge letu halijatunga ya namna hiyo kwa watu wazima, na sijamsikia mbunge hata mmoja wa Pwani akiidai, ingawa kila mmoja ana wapigakura wanaoihitaji.

Aliyeachiliwa na mahakama kisha rekodi ikamwonyesha bado ana kesi, ana njia. Achukue nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama, aandike barua ya kuomba rekodi irekebishwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kusahihishiwa habari za uongo zinazomhusu. Akitaka kujua wameandika nini juu yake, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Asipojibiwa, apeleke malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Ni kazi ya kuchosha, na wengi hukata tamaa kwenye foleni ya kwanza.

Kijana wetu ameshapigwa alama za vidole, anangojea cheti. Mjomba ametuma salamu kwamba kikija wakae tena wazungumze. Mama wa kijana anasema kwake yeye hayo yamepita, na picha ile bado iko kwenye grupu la mtaa.