Usingoje laptopu, seva haijui umeshika simu gani

Najua unasoma hii ukiwa kwenye matatu, ama umejificha nyuma ya kaunta bosi asikuone. Simu hiyo hiyo uliyoshika inaweza kuunda faili kwenye kompyuta iliyoko Ujerumani sasa hivi, na ikala data kidogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Si mbwembwe. Mimi nafanya hivyo kila siku, na ndiyo inanilipia nyumba.

Chuo niliacha mwaka wa pili. Karo ndiyo ilikataa, si mimi. Lakini kabla hata ya karo kunishinda, kuna kitu kilikuwa kimeshaniuma: amri za kompyuta tulifundishwa ubaoni, kwa chaki. Maabara ilikuwepo na mashine zilikuwemo, ila funguo zilikuwa kwa mtu ambaye haonekani. Tukaambiwa asiye na laptopu atafute. Wengi tukakubali kwamba hii kazi ni ya watoto wa wenye nacho, tukaenda kutafuta mambo mengine. Huo uongo umewala vijana wengi, na mimi sitaki ukule wewe.

Twende kazi. Programu inaitwa SSH. Iliandikwa mwaka wa 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu kimoja cha Helsinki, Finland, baada ya wezi kudukua nywila kwenye mtandao wa chuo chao. Kabla ya hapo watu waliingia kwenye kompyuta za mbali kwa njia ambazo nywila ilisafiri wazi, kama kadi ya posta. SSH inafunga kila kitu ndani ya maandishi ya siri. Kwenye Android unaweka Termux, haina malipo, kisha unaandika "pkg install openssh". Basi.

Seva ya kufanyia mazoezi je? Una simu ya zamani iliyopasuka kioo hapo kwa droo. Iwekee Termux pia, ipe nywila kwa amri ya "passwd", kisha andika "sshd". Hiyo sasa ni seva. Simu moja iwashe hotspoti, nyingine iunganishwe, na hutumii data ya mtu. Termux husikiliza mlango wa 8022, kwa hivyo unaandika hivi (mahali pa "anwani" weka namba za ile simu ya pili):

ssh -p 8022 anwani 'touch orodha.txt'

Ukibonyeza, faili tupu inazaliwa kwenye simu ile nyingine. Hukuigusa. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Hiyo "-p" inataja mlango. Lakini ukiandika "mkdir -p kazi/bei/juni", "-p" hiyo inamaanisha kitu kingine kabisa: unda folda zote za njiani kama hazipo. Na ukitumia "scp" kutuma faili, mlango unatajwa kwa P kubwa, kwa sababu p ndogo hapo inahifadhi tarehe za faili. Nani alipanga hivi? Usiniulize. Jifunze tu kusoma maelezo ya kila amri kabla ya kubonyeza.

Sasa sikiza vizuri, maana hapa ndipo watu huanguka. Ukiandika:

ssh anwani echo habari > salamu.txt

utatafuta salamu.txt kwenye seva mpaka uchoke. Iko kwenye simu yako. Ile alama ya > ilichukuliwa na simu kabla amri haijasafiri. Funga amri yote ndani ya alama za kunukuu, 'echo habari > salamu.txt', ndipo seva yenyewe iandike. Alama mbili ndogo, lakini zinaamua faili izaliwe wapi.

Na > yenyewe ni kisu. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya duka moja la jumla, nisitaje lipi. Nilikuwa naongeza bei mpya kwenye orodha yao nikiwa kwa matatu, kidole kimoja, msongamano umeshika. Nilitaka >>, ambayo inaongeza mwisho wa faili. Nikaandika >, ambayo inafuta yote yaliyokuwemo. Orodha nzima ikabaki mstari mmoja: sukari. Nakala ya akiba sikuwa nayo. Nilikaa siku mbili kwenye stoo yao nikinakili bei kutoka kwa risiti, bila malipo, na mwenye duka akinipita pale bila kunisalimia. Kosa lilikuwa langu, sina wa kulaumu.

Siku hizi naanza na "set -C", hivi:

ssh anwani 'set -C; echo "sukari" > bei.txt'

Kama bei.txt ipo tayari, seva inakataa kuiandika juu. Na nikituma faili kubwa, naituma kwa jina la muda kwanza, naangalia ukubwa wake kwa "ls -l", ndipo naibadilisha jina kwa "mv". Data inaweza kuisha katikati ya safari, ukabaki na nusu faili iliyovaa jina la faili nzima. Mteja hatajua kwamba ni bando lako lililokwisha. Atajua tu tovuti yake haifunguki.

Jambo moja kwa wale walio na funguo za maabara za vyuo na vituo vya vijana: mashine moja ya Linux inaweza kubeba akaunti za vijana wengi kwa pamoja, na kila mmoja akaingia na simu yake akiwa nyumbani. Mashine zipo, zimefunikwa kitambaa. Kama hamtaki tuingie kwa mlango, tufungulieni huo wa SSH. Kumwambia kijana wa Kayole anunue laptopu kwanza ni kumfukuza kwa heshima.

Wewe usiwangoje. Leo usiku tafuta ile simu iliyopasuka, unda faili, kisha andika ssh -p 8022 anwani 'ls -l' uione. Siku utakayohamia seva ya kukodi, usishtuke saa ya faili ikiwa nyuma kwa saa tatu. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, na sisi huku Nairobi tuko mbele yake.