Huo mti umewakosea nini?

Wiki mbili hizi nilikuwa kimya, kazi za chumba cha habari zilinibana kweli kweli. Leo nimepata upenyo, na kuna jambo limenikaa kichwani tangu Jumamosi.

Jamaa yangu mmoja amerudi toka Nairobi na ugonjwa mpya: kukwea miamba. Kule alikuwa anakwenda Lukenya na Hell's Gate kila mwisho wa wiki. Ana kamba, mikanda ya kiunoni na vile vyuma vinavyopachikwa kwenye ufa wa jiwe ili ukiteleza kamba ikudake. Alipoiona milima ya Mwanza alichanganyikiwa. Mji mzima mawe, tena bure!

Basi tukapanda daladala hadi Igoma, kutazama jiwe refu kama nyumba ya ghorofa tatu, lenye ufa ulionyooka toka chini hadi juu. Tatizo ufa wenyewe ulikuwa shamba. Nyasi, udongo, mishubiri, na katikati mti mdogo wa jamii ya mkuyu, mizizi imezama ndani. Jamaa akapanda na panga na brashi ya waya. Mimi nilishika kamba na kukwepa vumbi.

Tulikuwa tumesafisha kama mita mbili, mama mmoja akatoka nyumba iliyo chini ya lile jiwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Huo mti umewakosea nini?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akatuonyesha jiwe jingine dogo (dogo kwa vipimo vya Mwanza, yaani kama Hiace) lililokaa juu ya ufa ule ule. Akasema mvua ikinyesha usiku hapati usingizi kwa sababu yake. Mmejuaje kwamba si hiyo mizizi inayolishikilia?

Hatukujua. Nasema ukweli, hata kujiuliza hatukujiuliza.

Sasa, mimi si katika wale wanaosema usiguse hata jani. Chuma kilichopachikwa kwenye udongo hakishiki kitu, na anayekwea hapaswi kufa kwa kuhurumia nyasi. Kusafisha ufa ni sehemu ya usalama. Waingereza wamefanya hivyo miaka mingi, na kazi hiyo wanaiita kwa neno la kulima bustani. Ninachopinga ni kuingia na panga kana kwamba kila kinachoota kwenye jiwe ni takataka.

Chukua mizizi ya ule mti. Inapokua inaupanua ufa, kwa hiyo kuna siku inaweza kuliangusha jiwe. Lakini ukiikata itaoza, ibaki nafasi tupu, maji yaingie, na kilichokuwa kimebanwa kilegee. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili kwa kutazama tu huku unaning'inia kwenye kamba. Anayelala chini ya jiwe ndiye atakayelipa ukikosea, kwa hiyo yeye ndiye wa kuulizwa kwanza.

Halafu kuna wenyeji wengine wa nyufa. Yule mjusi wetu ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu, hadi jina lake la kisayansi limebeba jina la mji wetu, Agama mwanzae, anajificha humo humo. Yale mabaka ya kijivu na ya chungwa kwenye mawe nayo yana uhai, na mengi hayakui hata milimita moja kwa mwaka. Brashi ya waya inayamaliza kwa dakika tano.

Na udogo wa mmea usikudanganye. Kule Ontario, Kanada, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph walikuta kwenye genge la Niagara miti iliyodumaa, mingine ina zaidi ya miaka 1,000. Wakweaji walikuwa wanaikata bila kujua. Hapa kwetu, kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara, kuna ua dogo la zambarau ambalo Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892. Leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima, huku baadhi ya aina zake za porini zikiwa hatarini kutoweka.

Najua mtu wa Mwanza ataniuliza: wewe unalilia majani, wakati watu wanapasua jiwe zima kwa moto na nyundo wapate kokoto? Swali zuri. Mama anayeponda kokoto analipa ada ya shule, mimi simnyooshei kidole. Sisi tulikwenda Igoma kujifurahisha, na ndiyo maana masharti yetu lazima yawe magumu kuliko yake. Tena jiwe linalokwewa linaweza kukwewa miaka na miaka, ila kokoto zikishapanda lori hazirudi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kutoa udongo na nyasi pale tu mkono na chuma vinapopita, tena kwa mkono, na kuacha mti. Kama njia haipitiki bila kukata mti, basi hapo hapana njia.

Jamaa kanuna siku mbili. Sasa ameona ufa mwingine upande wa pili wa mlima, mwembamba, hauna mti wala nyumba chini yake. Tulimuuliza yule mama. Akasema twendeni tu, ila kule kuna nyuki.