Kuandika Juu ya Maji

Afanyaye kazi isiyo na tija huambiwa anatwanga maji kinuni. Maji hayatwangiki, wala hayashiki alama. Hata hivyo, mnamo mwaka 2006 Maabara ya Akishima nchini Japani, kwa ushirikiano na Profesa Shigeru Naito wa Chuo Kikuu cha Osaka, ilidhihirisha mtambo uandikao juu ya maji. Mtambo huo, uitwao AMOEBA, huandika alfabeti nzima ya Kirumi pamoja na baadhi ya herufi za kanji.

Ni nadra habari ya aina hii kusimuliwa kwa Kiswahili vyuoni. Udhuru utolewao aghalabu ni uhaba wa istilahi. Udhuru huo hauna mashiko, na mtambo wenyewe ni shahidi.

Ni birika la mviringo lenye kipenyo cha mita 1.6 na kina cha sentimita 30. Ukingoni pamepangwa vichochezi 50 vipandavyo na kushuka, kila kimoja kwa kipimo chake. Mawimbi husafiri kuelekea ndani. Mgongo wa wimbi ukikutana na mgongo mwingine, maji huinuka zaidi. Ukikutana na bonde, maji hutulia. Kompyuta hupiga hesabu ili migongo ikutane mahali palipokusudiwa, kwa wakati mmoja. Hapo herufi huchomoza, na kabla mtazamaji hajapepesa jicho, imezama.

Je, ni neno gani hapo lisiloeleweka na mvuvi wa Lamu? Ugumu unakuja kwenye hesabu yenyewe, inayotumia fomyula zenye jina la Mjerumani Friedrich Bessel. Hapo kukopa hakuepukiki, wala si aibu. Kiingereza nacho kimemkopa Bessel yuyo huyo.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo tu. Mchezo huo una ndugu wazito. Huko Edinburgh, birika la FloWave lililoanza kazi mwaka 2014 lina kipenyo cha mita 25 na vibao 168 vya kusukuma maji, na humo hujaribiwa mitambo ya kuvuna nishati ya mawimbi na mikondo ya bahari. Taifa lenye pwani haliwezi kuyaita hayo mambo ya wengine.

Kinachosikitisha ni mgawanyo wa kazi uliozoeleka. Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya husoma sura ya mawimbi katika fizikia kwa Kiingereza. Kengele ikilia, huingia somo la Kiswahili na kulikuta neno lilo hilo, “wimbi”, likiwa jazanda ya misukosuko ya maisha katika shairi. Jazanda hiyo ni nzuri, ila mwalimu wa Kiswahili hajakatazwa kutaja urefu wa wimbi kwa sentimita. Ufahamu mmoja kwa muhula uhusuo birika la Akishima ungetosha kuanzia, na maswali yake yasiwe ya tamathali.