Mbwa mkali wa miezi miwili

Pita mtaa wowote wa Mbezi Beach, huku chini kuelekea baharini au kule juu ng'ambo ya barabara ya Bagamoyo, hukosi geti lililoandikwa "MBWA MKALI". Sasa chungulia ndani. Mara nyingine huyo mbwa mkali ana miezi miwili tu, kafungwa mnyororo kwenye mti na analia tangu asubuhi mpaka giza linaingia. Majirani tunamsikia. Mwenyewe hamsikii, maana yuko Posta kazini.

Jamani, hebu tupige hesabu. Mtu wa Mbezi anayeogopa foleni anatoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku. Hayo ni masaa 15. Mtoto wa mbwa ambaye wiki iliyopita alikuwa analala amelaliana na ndugu zake kwenye tumbo la mama yao, leo anakaa masaa 15 peke yake. Halafu bosi akirudi anakuta kachimba maua, katafuna kandambili na kajisaidia mlangoni. Fimbo!

Najua mtaniambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali nzuri, lakini haihusiki hapa. Huyu halii kwa kudeka, analia kwa hofu. Na fimbo ya saa 2 usiku kwa kosa la saa 4 asubuhi haimfundishi kitu. Haunganishi hayo mambo mawili. Anachojifunza ni kwamba ukirudi, anapigwa. Mkojo nao hana uwezo wa kuubana, kwani kwa umri wa miezi miwili akijitahidi sana ni masaa mawili hivi.

Wengi wanaamini upweke ndio unaomfanya mbwa awe mkali. Mimi napinga. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 hivi ndipo mbwa anajifunza nani ni mtu wa kawaida na nani wa kuogopwa. Ukimfungia miezi hiyo, unapata mbwa mwoga, na mwoga huuma yeyote: mwizi, mtoto wako, dada wa kazi, fundi bomba. Huyo siyo mlinzi, ni balaa.

Na siku akikata kamba anatoroka, anazurura na mbwa wasiochanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Kwa hiyo chanjo kwa daktari wa mifugo siyo anasa. Na ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kimbilia hospitali.

Tufanyeje basi? Kubaki peke yake kunafundishwa, kama mtoto anavyozoeshwa shule. Anza siku za mapumziko. Mchezeshe mpaka achoke, mpe mfupa mbichi mkubwa wa ng'ombe (siyo wa kuku, unavunjika vipande vyenye ncha), toka nje ya geti dakika moja, rudi kimya kimya kabla hajaanza kulia. Kesho dakika tano, kisha kumi, kisha nusu saa. Usiage kwa mbwembwe, na ukirudi usifanye sherehe. Aone kuondoka kwako ni jambo la kawaida. Mwachie maji na kivuli, joto la Dar mnalijua wenyewe.

Mchana awepo mtu wa kumwangalia kila baada ya muda. Ila ongea naye kabla hujanunua mbwa. Kama dada wa kazi ni Mwislamu na hataki kuguswa na mate ya mbwa, heshimu hilo. Kumwekea maji hakuhitaji kumgusa, na kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kinafahamika misikitini.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama. Lakini sioni polisi akigonga geti Mbezi kwa sababu mtoto wa mbwa analia. Hii kazi ni yetu wenyewe.

Kama nyumba yako haina mtu kutwa nzima, nakuomba usinunue mtoto wa mbwa. Tafuta mbwa mkubwa aliyelelewa vizuri, au ajiri mlinzi. Geti lako litakuwa salama zaidi, na sisi majirani tutapumzika.

Nawasilisha.