Edi Kwanza, Tangi Baadaye

Ndugu zangu wa Kamina, nawaandikia kutoka Liège.

Mmeniuliza kama damu, matumbo na samadi za machinjioni zaweza kutoa gesi ya kupikia, ili kina mama wapumzike na bei ya makaa, na miti ya miombo isalimike. Zaweza; huko Kiserian, nchini Kenya, machinjio ya Keekonyokie yamekwisha kuligeuza taka la namna hiyo kuwa gesi. Lakini mtambo ni nusu nyepesi ya kazi; nusu nzito ni sheria.

Ulaya ilijifunza kwa hasara. Baada ya wazimu wa ng'ombe kutambuliwa Uingereza mwaka 1986, na serikali kukiri mwaka 1996 ya kwamba yamkini huwadhuru wanadamu, ilidhihirika kuwa mabaki ya mnyama yasiyochujwa hurudi mezani. Ndiyo maana kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 1069 ya mwaka 2009 inayagawa mafungu matatu. La kwanza, lenye hatari kuu, kama ubongo wa ng'ombe aliyekomaa, kwa kawaida haliingii mtamboni. La pili, kama mizoga ya nguruwe waliojifia, sharti lipikwe kwanza kwa mvuke wenye shinikizo, joto digrii 133, dakika 20. La tatu, mabaki ya mnyama aliyepasishwa na daktari wa mifugo, hukatwa vipande visivyozidi milimita 12, yakapashwa digrii 70 kwa saa nzima. Samadi huruhusiwa mbichi, maadamu haichukuliwi kuwa na maradhi ya kuenea.

Tahadhari hiyo si anasa, kwa kuwa tangi la gesi haliui mbegu za kimeta, na mbolea yake yaweza kuyatawanya maradhi mashambani.

Sitaki muige Ulaya herufi kwa herufi. Mashine ya digrii 133 hatuna, wala (nasema kwa uchungu) umeme wa kutegemewa. Yatosha kwamba samadi iingie, damu ya mnyama aliyekaguliwa ipashwe saa nzima kwa gesi ya tangi lenyewe, mzoga wa aliyejifia usiingie kamwe, na wa kimeta usipasuliwe, bali uchomwe au uzikwe kwa kina, mbali na maji. Penye mbolea itokanayo na damu, mifugo isilishwe majani mpaka zipite siku 21, kama ilivyo huku.

Basi, waheshimiwa wa Bunge la Jimbo la Haut-Lomami, mnaotunga sheria za jimbo ziitwazo edi, iandikeni edi hiyo kabla ya kumlipa fundi wa tangi.