MBA si Stendi ya Kungojea Kazi

Wasee, tuongee ukweli. Kila mwaka mahafali zikiisha, hapa Moi's Bridge swali huwa ni lile lile: digrii umepata, kazi hakuna, sasa? Na jibu ambalo limekuwa kawaida ni, "Wacha nifanye MBA nikingoja." Nyumbani hakuna anayepinga. Nani apinge masomo? Mzee anapiga hesabu ya mahindi, mathe anaita wajomba, na kabla hujajua, kipande cha shamba kinatafutiwa mnunuzi.

Mimi napinga. MBA si stendi. Huendi pale kukaa ukingoja kazi ipite uidandie. MBA inanoa kisu ambacho tayari unacho. Kama huna kisu, unalipa pesa nyingi kunoa hewa.

Angalia vile masomo yenyewe yanaendeshwa. Darasani mnapewa kisa cha biashara halisi: kampuni imeishiwa pesa, wafanyakazi wanagoma, mkurugenzi afanye nini? Halafu mnajadiliana. Nusu ya kile unacholipia ni akili za wale mmekaa nao. Sasa wewe hujawahi kulipa mtu mshahara, hujawahi kuzungushwa na mteja mwenye deni, utachangia nini? Ndiyo maana INSEAD na London Business School huangalia kazi uliyofanya kabla hata ya kuangalia ndoto zako, na wengi wanaoingia huko wameshafanya kazi miaka kama mitano.

Na nikisema kazi, simaanishi lazima ofisi yenye lifti Nairobi. Kuendesha agrovet ni kazi. Kushika vitabu vya chama cha watu thelathini ni kazi. Kununua mahindi kwa wakulima, kukodi lori na kuyafikisha kwenye maghala ya NCPB yakiwa makavu vya kutosha kukubaliwa, hiyo ni kazi tena ngumu. Ukiweza kueleza vizuri ulichokifanya na ulichojifunza, una kisu.

Sasa tupige hesabu kwa lugha tunayoielewa hapa. Harvard, ambako MBA ilianzia mwaka 1908, ada ya masomo peke yake ni zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka. Hiyo ni kama shilingi milioni 9. Chukua bei ya shilingi 4,000 kwa gunia la kilo 90, ile serikali ilitangaza mwaka 2023. Ni magunia 2,250. Ekari ikikupa magunia 20, unahitaji zaidi ya ekari 110, na hujanunua mbegu wala mbolea. Huo ni mwaka mmoja, na kozi ni miaka miwili. Shamba la familia haliwezi kubeba hiyo. Ni ufadhili, mkopo au mwajiri.

Hata za hapa nchini si bure. Tuseme umepata ya nusu milioni. Ni magunia 125, karibu mavuno ya ekari sita na zaidi. Wadogo zako bado wako shule. Na shamba likishauzwa, halirudi kwa sababu eti umefaulu.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini matangazo ya kazi kubwa serikalini yanataka shahada ya uzamili." Kweli kabisa. Lakini soma hilo tangazo hadi mwisho: linataka pia miaka ya uzoefu. Karatasi bila miaka haikufikishi. Na ukitaka mfano, angalia Safaricom. Bob Collymore aliiongoza kuanzia 2010 hadi 2019 na hakuwa na digrii. Peter Ndegwa, aliyeingia Aprili 2020, ana MBA ya London Business School. Kiti ni kile kile, lakini njia ni mbili tofauti, na wote wawili walifika wakiwa na miaka mingi ya kazi nyuma yao.

Basi ufanye nini ukingoja? Hapa ndipo watu wengi hawajui: kinachofaa kipindi cha kungoja ni mtihani wa kuingilia, si MBA yenyewe. Alama za GMAT na za GRE zinadumu miaka mitano. Yaani unaweza kufanya mtihani sasa, kichwa kikiwa bado moto kutoka kampasi, uende ukafanye kazi miaka mitatu minne, kisha uombe nafasi ukiwa na alama mkononi. Ada ya mtihani ni zaidi ya dola 200, si kidogo, lakini hakuna shamba linalouzwa kwa hiyo.

Ila usiuendee vile tuliendea KCSE. GMAT haikuulizi ulichokariri. Toleo la sasa, lililoanza mwishoni mwa 2023, lina maswali 64 kwa saa mbili na dakika 15, sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, kusoma na kupima hoja, na kuchambua data. Alama ni kuanzia 205 hadi 805. Hesabu zenyewe ni za sekondari, lakini kwa sehemu hiyo huruhusiwi kikokotoo, na ukijibu vizuri, maswali yanazidi kuwa magumu. Unapimwa jinsi unavyofikiri saa ikikukimbiza.

Kwa hivyo jipe miezi mitatu au minne. Anza na majaribio mawili ya bure kwenye tovuti rasmi ya mba.com ujue umesimama wapi kabla ya kulipa mtu yeyote "kozi ya uhakika". Weka daftari la makosa: kila swali ulilokosa, andika ni kwa nini, si jibu tu. Na ukifanyia mtihani nyumbani, utahitaji kompyuta, kamera, chumba chako peke yako na intaneti isiyokatika. Kama stima kwenu huja na kwenda, panga chumba Eldoret mapema.

Halafu ukifika wakati wa kuchagua chuo, jiulize matatu. Kwanza, wahitimu wake wako wapi leo, na ndiko unakotaka kuwa? Ukitaka kubaki Uasin Gishu, Moi University kule Eldoret iko umbali wa matatu moja, na utasoma bila kuacha kazi. Pili, programu imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Kama ni ya nje, je, Kenya itaitambua? Tatu, ni nani analipa, na asipopata chochote nyuma ataumia kiasi gani?

Kama jibu la la tatu ni mzee na ekari zake, ngoja. Tafuta kazi yoyote halali, hata ndogo, uifanye vizuri na uweke rekodi. Fanya mtihani. Hiyo MBA haihami. Itakukuta ukiwa na kitu cha kunoa, na mzee akiwa bado na mahali pa kupanda.